Je, Simu Itaifukuza Kompyuta Mezani? Maswali na Majibu ya Marudio

Mada hii hupenda kuja kama swali la insha: "Vifaa vya mkononi vitachukua nafasi ya kompyuta za mezani. Jadili." Mtahiniwa asiyejiandaa hupanga faida za simu upande huu na hasara zake upande ule, kisha anamaliza bila kusema yeye mwenyewe anaamini nini. Majibu yaliyo hapa yana upande. Usiyakariri. Yapinge ukiweza, ila kwa hoja.

Swali la 1. Tofautisha kompyuta ya mezani na kifaa cha mkononi. (Alama 4)

Kompyuta ya mezani hukaa mahali pamoja: kasha lake, skrini, kibodi, kipanya, na waya wa umeme hadi ukutani. Kifaa cha mkononi hubebeka, kina betri yake na kioo cha kugusa, na hupata intaneti kwa laini ya simu au Wi-Fi. Simu janja na kishikwambi ndiyo mifano ya kawaida.

Na laptop je? Hapa ndipo alama hupotea. Laptop inabebeka, lakini programu zake na namna ya kuifanyia kazi ni zile zile za mezani. StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya wavuti duniani, huihesabu pamoja na kompyuta za mezani. Kwenye insha, sema mapema unaiweka wapi. Humu, neno "kompyuta" peke yake linaibeba laptop pia.

Swali la 2. Eleza kwa kifupi hatua muhimu za ushindani kati ya vifaa hivi viwili. (Alama 5)

IBM ilitoa PC yake mwaka 1981, na kwa miaka karibu thelathini kompyuta ikawa ndicho kifaa cha kidijitali ofisini na, kwa nchi tajiri, nyumbani. Mwaka 2007 ulileta mawili: iPhone kule Marekani, na M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi. Mwaka 2008 laptop zilianza kuuzwa kwa wingi kuliko kompyuta za mezani. iPad ikaja 2010. Mwaka 2011 mauzo ya kompyuta duniani yalipita milioni 350, kisha yakaanza kuporomoka mwaka hadi mwaka, huku simu janja zikivuka bilioni moja kwa mwaka 2013. Oktoba 2016, kwa hesabu za StatCounter, kurasa za wavuti zilizofunguliwa kwa simu na vishikwambi zilizidi kwa mara ya kwanza zile zilizofunguliwa kwa kompyuta.

Zitazame tarehe hizo tena. Aliyeanza kuisukuma kompyuta ya mezani ni laptop, simu ilikuja kumalizia. Mtahiniwa anayeliona hili anajitenga na wenzake papo hapo.

Swali la 3. Je, takwimu hizo zinathibitisha kwamba kompyuta inakufa? (Alama 6)

Hapana. Kwanza, mauzo kushuka si sawa na matumizi kushuka. Kompyuta iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita bado inachapa barua kwenye ofisi za shule nyingi, na mwenye nayo haoni sababu ya kununua nyingine.

Pili, angalia kinachopimwa. StatCounter huhesabu kurasa zinazofunguliwa, haihesabu kazi inayofanyika. Mhasibu aliyeshinda kutwa ndani ya Excel hajahesabiwa hata ukurasa mmoja. Kijana aliyekuwa akisoma habari za Simba na Yanga ndani ya daladala amehesabiwa kila alipobonyeza.

Tatu, na huu ndio ushahidi ninaoupenda zaidi, mwaka 2020 na 2021, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, mauzo ya kompyuta yalipanda tena kwa kasi. Walionunua walikuwa tayari na simu mfukoni. Walipoambiwa wafanyie kazi na masomo nyumbani, simu haikuwatosha. Na usisahau kwamba simu janja nazo zilifika kileleni: karibu bilioni 1.5 ziliuzwa mwaka 2016, baada ya hapo ukuaji ukasimama.

Swali la 4. "Kwa mwananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki, simu haikuchukua nafasi ya kompyuta." Fafanua. (Alama 8)

Ili kitu kichukue nafasi, lazima nafasi hiyo iwe na mtu. Mama lishe wa Temeke au mkulima wa Mbozi hakuwahi kuwa na kompyuta ya kuondolewa. Kifaa chake cha kwanza cha kidijitali kilikuwa simu, na mara nyingi si simu janja bali kitochi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, haikuhitaji hata intaneti: unapiga *150*00#, menyu inakuja, unachagua kwa namba.

Kwa hiyo simu ilichukua nafasi ya nini? Ilichukua nafasi ya bahasha ya fedha aliyokabidhiwa kondakta wa basi la mkoani. Ilichukua nafasi ya foleni ya benki, ya kibanda cha simu, ya kamera, ya saa ya kengele, na kwa wengi hata ya redio. Swali la "simu dhidi ya kompyuta" lilizaliwa kwenye nchi ambako kompyuta ilishakaa sebuleni tangu miaka ya 1990. Sisi tumelipokea tu, na mtihani unatuuliza kana kwamba historia ni moja.

Ongeza hoja hii kama muda unaruhusu: kompyuta ipo hata pale usipoiona. Kila muamala wa M-Pesa hukamilishwa na kompyuta kubwa, yaani seva. Seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Aliyetuma fedha kutoka Kisumu kwenda Kakamega hakujua kwamba ujumbe wake umepitia Ulaya.

Swali la 5. Kwa kutumia mfano wa steshenari, onesha mgawanyo wa kazi kati ya simu na kompyuta. (Alama 10)

Simama kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na chuo, wiki ya kukusanya ripoti za mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi ameandika ripoti nzima kwa simu, kwa vidole gumba viwili, sehemu nyingine usiku kitandani. Anaituma kwa WhatsApp kwenye namba iliyobandikwa ukutani. Dada wa steshenari anaifungua kwenye kompyuta, na hapo madudu yanaanza kuonekana: jedwali limetoka nje ya ukurasa, aina za herufi ni tatu tofauti, namba za kurasa zimeanzia kwenye jalada, na yaliyomo yamepangwa kwa kubonyeza nukta, nukta, nukta hadi ukingoni.

Dada hababaiki. Anachagua maandishi yote kwa Ctrl na A, anaweka Times New Roman ya 12, nafasi ya mstari moja na nusu, anakata ukurasa baada ya jalada, analivuta jedwali kwa kipanya likae sawa, anatoa kopi moja ya kuangalia, kisha anaprinti na kubana kwa plastiki. Mwanafunzi analipia kurasa, halafu analipia tena "kupanga".

Mambo ya kuchota hapo ni haya. Kuandika kumehamia kwenye simu, hilo halina ubishi, na anayedai kwamba simu haina Word anajiaibisha. Kinachobaki mezani ni kumalizia: kuona ukurasa mzima kwa wakati mmoja, kugusa mstari mmoja bila kidole kufunika mitatu, kufungua nyaraka mbili sambamba, kurekebisha mahali mia kwa amri moja. Yote hayo yanadai kioo kipana, kibodi na kipanya, na kioo kipana hakiingii mfukoni.

Nchini Kenya kazi hiyo hufanyika saiba, yaani kwenye vibanda vya intaneti. Kila Juni inapokaribia kwisha, watu wenye simu janja nzuri kabisa huenda saiba kujaziwa ritani za kodi za KRA.

Swali la 6. Sensa za hivi karibuni zinatufundisha nini kuhusu mada hii? (Alama 6)

Kenya ilihesabu watu kwa vishikwambi Agosti 2019 ikapata watu milioni 47.6. Tanzania ikafanya hivyo kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, ikapata watu 61,741,120. Karani alitembea na kishikwambi mlango kwa mlango, akajaza majibu papo hapo badala ya karatasi ambazo zamani zililazimika kuingizwa upya, dodoso kwa dodoso. Hakuna kompyuta ya mezani ambayo ingepanda milima ya Uluguru kuhesabu kaya.

Lakini majedwali, ramani na ripoti zilizotoka baadaye hazikutengenezwa kwenye kioo cha inchi saba. Kazi ilianzia mkononi ikaishia mezani.

Baada ya sensa ya Tanzania, vishikwambi viligawiwa kwa walimu. Kenya ilikuwa imeshapita njia yake: ahadi ya mwaka 2013 ya laptop kwa watoto wa darasa la kwanza iligeuka kuwa vishikwambi vilipoanza kugawiwa 2016. Kwa mtoto wa miaka sita naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa kijana wa kidato cha nne anayekaribia kuomba kazi ya ofisini, sina uhakika kama kishikwambi kinamtosha.

Swali la 7. Taja sababu za kiufundi zinazoibakiza kompyuta. (Alama 5)

Joto ndiyo kubwa. Simu haina feni; ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hutumia wati chache tu, ilhali kadi moja ya picha ya kompyuta ya mezani, Nvidia RTX 4090 ya mwaka 2022, inaweza kula wati 450. Kuchora jengo, kuhariri filamu ndefu au kufunza akili unde kunadai nguvu hizo. Nyingine ni matengenezo: ukitaka kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani unafungua kasha na kuchomeka, kwenye simu imeganda kwenye saketi.

Upande wa pili wa shilingi ni umeme. Ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzima na kazi yako, na simu inaendelea.

Swali la 8. Steve Jobs alisema nini kuhusu mustakabali wa kompyuta? (Alama 3)

Mwezi Juni 2010 alizifananisha na malori. Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima, alisema, magari yote yalikuwa malori. Watu walipohamia mijini wakataka magari madogo. Kompyuta, kwa maoni yake, zingebaki, ila kwa watu wachache zaidi. Wengi huandika kwamba alitabiri kifo cha kompyuta. Hakutabiri hivyo. Na kwa nchi inayobeba saruji, mahindi na mafuta kwa lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, "kubaki kama lori" si maneno ya msiba.

Swali la 9. Simu ikichomekwa kwenye skrini kubwa na kibodi, je, kompyuta imeshindwa? (Alama 8)

Jaribio hili limefanywa mara kadhaa. Motorola ilitoa Atrix mwaka 2011, simu ya kuchomekwa kwenye umbo la laptop. Mwaka 2013 waundaji wa Ubuntu waliwaomba watu wachangie dola milioni 32 kutengeneza simu ya namna hiyo. Zilipatikana chini ya milioni 13, mradi ukafa. Microsoft ilikuja na Continuum mwaka 2015, haikudumu. Samsung ilileta DeX mwaka 2017, na hiyo imeendelea kuwepo, ingawa wenye simu za Samsung wengi hawajui kama wanayo.

Nguvu ya simu haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba anayehitaji skrini, kibodi na kipanya tayari amekubali kukaa, na aliyekubali kukaa anaona bora anunue kompyuta ya mtumba Kariakoo, aiache simu ipokee simu. Tena ukishapanga vifaa hivyo mezani, umerudi kwenye kompyuta ya mezani. Kilichobadilika ni kasha tu.

Ushindi wa kweli wa simu umepitia ndani. Novemba 2020 Apple ilitoa Mac zenye chipu ya M1, ya ukoo ule ule wa chipu za iPhone, na mojawapo ilikuwa Mac mini, kompyuta ya kukaa mezani. Na kwa anayetaka kumshangaza msahihishaji: usanifu huo wa ARM ulianza Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, kwa ajili ya kompyuta za mezani za kampuni ya Acorn. Ulitoka mezani, ukaenda mfukoni, ukarudi mezani.

Swali la 10. "Anayejua kutumia simu janja anajua kompyuta." Unga mkono au kanusha. (Alama 4)

Ningekanusha. Mwulize mtumiaji wa simu faili lake liko wapi. Atakwambia liko WhatsApp. Simu imemficha mafolda, kwa hiyo akikaa mbele ya kompyuta anahifadhi kila kitu kwenye Desktop na kukitafuta kwa macho. Hoja ya pili: hata programu za simu zenyewe huandikwa kwenye kompyuta. Android Studio hudai Windows, macOS, Linux au ChromeOS. Xcode, inayotumika kutengenezea programu za iPhone, hudai Mac. Hoja hizo mbili zinatosha kwa alama 4. Muda uliobaki upeleke kwenye swali la 5.