Tumbaku ya Uani

Huku kwetu Mutanga Sud, Bujumbura, babu amepanda uani miche minane ya tumbaku, ambayo kwa Kirundi huitwa itabi. Mbegu zake ni ndogo mno: gramu moja hupata mbegu 10,000 na zaidi. Huchanganywa na majivu, zikamwagwa kitaluni zisisongamane. Baada ya wiki 6 hadi 8 miche huhamishwa. Maua yakichomoza hukatwa, ili nguvu iende majanini. Majani yakikomaa hutundikwa kivulini yakauke.

Babu alizoea kusema, "Hii ni ya nyumbani, haina sumu ya kiwandani." Nilimsadiki, mpaka asubuhi moja mdogo wangu alipochuma majani yenye umande. Kabla ya adhuhuri alishikwa na kizunguzungu, akatapika. Naye hakuvuta hata kidogo! Sumu ile, nikotini, hufanyizwa na mizizi ya mmea wenyewe, ikapanda majanini kuwafukuza wadudu. Majani yakilowa, hupenya ngozi.

Sasa babu huchuma umande ukishakauka, kisha hunawa mikono kwa sabuni. Watoto hawagusi. Kiko chake hajakiacha, lakini neno "haina sumu" halisemi tena.