KISUKARI: TUNUNUE NINI DUKANI?



Mtu akiambiwa ana kisukari, swali la kwanza nyumbani huwa: "Sasa atakula nini?" Wengi hudhani ni lazima kutafuta chakula maalumu mjini, cha bei kubwa. Wengine humpikia mgonjwa chungu chake peke yake, naye hula kwa upweke hadi anachoka na kurudia ya zamani. Katika somo hili tutaona kwamba chakula kinachomfaa kipo katika duka lile lile la jirani, na kinaifaa familia nzima.

1. Kisukari aina ya pili ni nini?

Wanga na sukari tunayokula hugeuka kuwa glukosi katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha glukosi kuingia katika chembe za mwili na kutupa nguvu. Kwa mwenye kisukari aina ya pili, insulini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Sukari hubaki katika damu na polepole huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na sukari iliyozidi. Si ugonjwa wa matajiri tu.

2. Wali wetu

Ubaruku ni nchi ya mpunga. Hatuwezi kumwambia mtu wa Usangu aache wali kabisa, tunamwambia aupime. Wali au ugali uchukue robo ya sahani, maharage, samaki au yai robo nyingine, na mboga za majani nusu iliyobaki.

3. Vya kununua

Kwa asiye na muda wa kupika, hivi hupatikana kwa urahisi:
- Mayai ya kuchemsha pamoja na kachumbari.
- Karanga za kukaanga zisizo na sukari, kiganja kimoja.
- Maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari.
- Dagaa au samaki wa kopo. Mwenye shinikizo la damu aangalie chumvi.
- Parachichi, tango, au chungwa moja zima.
- Unga wa dona. Wenye maduka hupendelea sembe kwa kuwa dona huharibika mapema. Basi tuulizie mashineni, tununue kidogo kidogo.

4. Vinavyotudanganya

Unga wa lishe husifiwa kwa wagonjwa wote. Lakini mara nyingi sehemu yake kubwa ni nafaka iliyosagwa laini, na uji wake hupandisha sukari haraka, hata kabla hatujaongeza kijiko cha sukari. Mkate wa rangi ya kahawia unaweza kuwa mkate mweupe uliotiwa rangi. Juisi, hata ya matunda matupu, ina sukari nyingi na nyuzinyuzi zake zimeondolewa; heri tunda lenyewe. Biskuti "zisizo na sukari" bado zina wanga wa ngano. Soda ya kola ina takribani gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 hufikia vijiko vya chai 8 au 9.

5. Tusome lebo

Viambato huandikwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi hutangulia. Sukari ikiwa miongoni mwa vitatu vya kwanza, tuirudishe pakiti. Majina mengi yanayoishia na herufi o-s-e, pamoja na asali na sharubati, nayo ni sukari. Kwa kipimo kinachotumika Uingereza, chakula chenye gramu 5 au pungufu za sukari katika kila gramu 100 kina sukari kidogo. Kinachozidi gramu 22.5 kina nyingi. Tutazame pia jumla ya wanga. Lebo nyingi ni za Kiingereza, basi mtoto aliye sekondari awasomee wazee.

6. Tunapomtembelea mgonjwa

Desturi yetu ni kubeba soda, juisi na pakiti ya glukosi. Kwa mwenye kisukari, upendo huo unaweza kumzidishia ugonjwa, naye huona aibu kukataa zawadi. Tumpelekee mayai, maharage, karanga au mboga.

Lakini tukumbuke: anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Hapo apewe mara moja nusu chupa ya soda ya kawaida, yenye sukari, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali. Dawa asiache wala asipunguze bila kuelekezwa na mganga, hata kama chakula chake kimekuwa kizuri.

Mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara au kukonda bila sababu akapimwe kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyopo Rujewa.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Wiki hii tumenunua vitu gani vya pakiti? Sukari imetajwa ya ngapi?
2. Wali huchukua sehemu gani ya sahani zetu?
3. Safari ijayo tukienda kumwona mgonjwa wa kisukari, tutabeba nini?