Liemba: Meli ya Vita Iliyozamishwa na Mafundi Wake

Meli yenye urefu wa karibu mita 70 ilifikaje Ziwa Tanganyika?

Ilifika vipande vipande. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliiunda mwaka 1913, kisha kikaifungua yote na kuitia katika masanduku yapatayo 5,000. Shehena hiyo ilisafirishwa baharini hadi Dar es Salaam, ikapelekwa bara kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa kiwanda walifuatana nayo ili kusimamia kazi ya kuiunganisha. Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta huko huko. Chombo kilichokusudiwa abiria na mizigo kikafungwa mizinga, na mwezi Februari 1915 kikashushwa majini kikiitwa Graf von Goetzen, jina la gavana Mjerumani aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji.

Waingereza walifanya nini?

Walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo reli haikuwapo. Zilikokotwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na nguvu za Waafrika wengi waliofyeka njia na kujenga madaraja. Vitabu vingi humsifu au kumcheka kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, aliyependa kuvaa sketi. Vibarua waliozifikisha boti hizo ziwani hawatajwi hata kwa majina.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Goetzen ilipojitokeza, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Meli kubwa kuliko zote ziwani haikuguswa na waliotumwa kutoka mbali kiasi hicho.

Nani basi aliizamisha?

Wajerumani wenyewe. Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yakiikaribia Kigoma, na amri ikatoka kwamba meli isiachwe ikaangukia mikononi mwa adui. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wale wale watatu walioiunganisha. Waliipaka mitambo grisi nzito ili isiliwe na kutu, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Hiyo ndiyo sehemu yenye akili zaidi katika kisa hiki: walitii amri, lakini walizamisha kwa namna inayoacha nafasi ya kuopoa.

Iliibuliwaje?

Wabelgiji waliiopoa wakaivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza, waliokuwa sasa watawala wa Tanganyika, waliitoa majini mwaka 1924. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Mitambo ilionekana kutengenezeka. Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Imefanya kazi gani tangu wakati huo?

Kwa miongo mingi ilibeba watu, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havikuwa na gati, hivyo wasafiri walipanda na kushuka kwa mitumbwi iliyoifuata meli ikiwa imesimama kilindini. Injini za mvuke zilidumu hadi miaka ya 1970, zikabadilishwa kwa za dizeli.

Vita vya ziwani vilichangia riwaya ya C. S. Forester, *The African Queen*, ya mwaka 1935, ambayo filamu yake ilitoka 1951. Liemba yenyewe imewahi kuitwa kwa shughuli nzito zaidi ya hizo za sinema: mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, na Mei 2015 ilitumwa Kagunga kuwachukua Warundi waliokimbia machafuko na kuwafikisha Kigoma.