SOMO: JARIFE LA MVUVI NA BOTI YA MTALII



Kaskazi ikiingia, boti za watalii hutoka Malindi na Watamu alfajiri kuvua sulisuli kwa mshipi. Maji hayo hayo wavuvi wetu wametega majarife. Boti ikikata jarife, hasara si nyuzi tu, ni unga wa nyumbani na karo ya mtoto. Nahodha naye husema hakuona boya. Je, nani ana haki?

Kwanza, tujue sheria. Kwa Katiba ya 2010, bahari ya nchi yetu ni mali ya umma. Si ya mvuvi peke yake, wala si ya hoteli. Lakini BMU, yaani kamati za ufuo, zilipewa nguvu na kanuni za 2007, na Sheria ya Uvuvi ya 2016 inazitambua. Mwenye chombo, baharia na mchuuzi wa samaki wote wana nafasi humo. Asiyejiandikisha atapiga kelele ufuoni tu.

Pili, mgeni si adui. Wengi humtia sulisuli alama, wakamrudisha majini akiwa hai. Na mabaharia wa boti zile ni vijana wetu. Mtalii ataka samaki wawepo mwakani, na mvuvi vile vile. Hapo mna neno moja.

Tatu, umoja husikika. Katika Ghuba ya Ungwana, wavuvi walilalamikia meli za kuvua kamba, zikasimamishwa 2006. Ziliporudi 2011 ziliwekewa masharti. Kule Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao 2005, na samaki wakaongezeka.

Basi tufanye nini?

1. Andikeni kila hasara: tarehe, mahali, jina la boti, bei ya jarife. Mali bila daftari huisha bila habari.
2. Tieni maboya yanayoonekana mbali, na taa usiku.
3. Kabla ya Kaskazi, BMU iwaite manahodha na afisa wa uvuvi. Patananeni juu ya sehemu za kutega, saa za kupita, na nani atalipa jarife likikatwa. Andikeni, mtie sahihi.
4. Akina mama wachuuzi wasiachwe nje. Samaki akikosekana, wao pia hulala njaa.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Je, sisi sote tumejiandikisha BMU?
- Mwaka jana tulipoteza majarife mangapi? Yameandikwa wapi?
- Nani atapeleka mwaliko kwa manahodha, na lini?