Sakafu ya Mbao Juu ya Vigae: Kagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Kubandua vigae vya zamani ni kazi ya vumbi, kelele na gharama. Ndiyo maana mkazi anayetaka sakafu ya mbao huambiwa kwamba mbao zinaweza kutandikwa juu ya vigae vilivyopo. Ni kweli, zinaweza. Lakini mbao huficha kila kosa lililo chini yake hadi pesa zimeshalipwa, kwa hivyo ukaguzi ufanywe mapema, nawe ukiwepo.

Gonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi. Kinacholia kama mtungi mtupu kimeachana na saruji. Kibandikwe upya, au king'olewe na nafasi yake ijazwe saruji. Kisha laza rula ya alumini ya mita 2 sakafuni na uigeuze kila upande. Mwanya chini yake ukizidi takriban milimita 3, sehemu hiyo isawazishwe kwanza. Isiposawazishwa, mbao zitabonyea kila unapokanyaga na viungo vyake vitakatika.

Linalowaponza wengi ni unyevu. Kigae hakipitishi maji kwa urahisi, lakini mistari ya saruji iliyo kati ya vigae hupitisha, hasa katika nyumba za chini zilizojengwa bila karatasi ya nailoni chini ya zege. Kipimo chake hakina gharama. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ilaze juu ya makutano ya vigae, uifunge kingo zote kwa utepe na uiache siku mbili au tatu. Ukikuta vitone vya maji ndani yake, usitandike mbao. Tafuta kwanza maji yanakotoka: bomba linalovuja, au mtaro wa nje unaotua ukutani. Hata pakiwa pakavu, katika nyumba ya chini tandaza nailoni nzito, ipishane sentimita 20 kwenye maungio, kabla ya kuweka sponji nyembamba ya kulalia mbao. Bafuni usiweke kabisa.

Mbao zinazofaa kazi hii ni zile za kubanana zenyewe, ulimi kwa mfereji, bila misumari wala gundi. Maboksi yalazwe katika chumba hicho hicho kwa saa 48 ili mbao zizoee hewa yake. Mbao hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, ndiyo sababu huachwa nafasi ya milimita 10 hivi kuzunguka kuta zote. Fundi huishikilia kwa kabari, kisha huifunika kwa mbao za ukingoni zinazopigiliwa ukutani, si sakafuni.

Hili nililijua kwa hasara. Fundi wangu alizibana mbao hadi ukutani, nami nikamsifu kwa unadhifu. Mvua za masika zilipoanza, katikati ya sebule pakainuka kama mgongo wa ng'ombe. Tulifungua zote na kuzikata pembeni. Tatu zilikuwa zimekwisha pasuka.

Pima pia milango. Mbao za milimita 8 na sponji ya milimita 2 huinua sakafu sentimita moja, na mlango usio na nafasi hiyo utapigwa randa chini. Kwa hesabu ya manunuzi, chumba cha mita 4 kwa 3 ni mita mraba 12. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa, upate 13.2. Boksi likiwa na mita mraba 2, nunua maboksi saba.

Mwulize fundi kama ana kitambulisho cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, inayowasajili mafundi stadi. Andikianeni bei, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi hadi umetembea chumba kizima bila viatu, ukisikiliza kila kona. Mbao zinazobaki zihifadhi mahali pakavu; rangi hiyo hiyo huenda usiipate tena dukani ukihitaji kubadilisha ubao mmoja.