VYAELEA VIMEUNDWA: KWA NINI TANGI LETU BADO HALINA SAMAKI

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Msemo huu tumezoea kuusikia kuhusu vyombo vya baharini, lakini leo nautumia kwa samaki. Tangu tangi la lita 100 litiwe maji ya chumvi kule maabara, wengi wenu mmekuwa mkituuliza, "Kwani nyinyi mnafuga maji?" Wengine wanataka samaki watiwe kabla ya Siku ya Wazazi, ili wageni wapate cha kutazama. Basi, ndugu msomaji, nimeonelea nikueleze kwa nini tunangoja.

Kwanza kabisa, maji yanayong'aa si lazima yawe salama. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki pamoja na kinyesi vikioza hutoa amonia pia. Baharini maji ni mengi, kwa hivyo sumu hiyo husambaa. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Hubabua matamvua, na samaki akakosa pumzi ilhali yumo majini. Isitoshe, maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2. Wenzangu wa kidato cha tatu tuliosoma habari za naitrojeni tunajua kwamba maji yakizidi kuelekea upande wa besi, amonia nayo huzidi kuwa kali.

Mtaani kwetu kuna jirani aliyejaza tangi lake Jumamosi, na Jumapili akatia samaki sita. Kufikia Ijumaa hakubaki hata mmoja. Maji yenyewe yalikuwa safi kama kioo!

Je, ni nani huiondoa sumu hii? Ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia haifai. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuwatenga bakteria wa aina hii mnamo 1890. Wao huishi juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio, na huzaliana polepole sana. Tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita, na pengine zaidi, kabla hawajatosha kazi.

Sasa nieleze tunavyofanya:

(a) Chumvi. Kila lita ina gramu 35 hivi, yaani kilo tatu na nusu kwa tangi zima. Haidromita husoma 1.025. Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ya bahari kwa kiasi kinachotakiwa. Anayechota maji baharini naye aende mbali na mabomba ya maji taka na milango ya mito.

(b) Kulisha bakteria. Tulitia kipande kidogo cha kamba kikaoza humo. Ndicho kinachotoa amonia badala ya samaki, kwa hivyo hakuna kiumbe anayeteseka.

(c) Kupima. Tunatia matone ya dawa katika neli yenye maji ya tangi, kisha tunalinganisha rangi na kadi. Wiki ya kwanza amonia ilipanda. Wiki ya tatu ilianza kushuka, na nitriti ikapanda. Sasa ni wiki ya nne: amonia ni sufuri, lakini nitriti bado ipo.

(d) Kujazia. Maji hukauka lakini chumvi haikauki. Lita 10 zikipotea, zile gramu 3,500 hubaki katika lita 90, na kila lita huwa na karibu gramu 39. Kwa hivyo hujaziwa maji baridi yasiyo na klorini, wala si ya chumvi. Tumebandika tepu kwenye kioo kuonyesha kipimo. Kwa vile shule yetu ni ya kutwa, Ijumaa jioni hujazia hadi kwenye tepu, kisha tunafunika ili maji yasipungue mno kabla ya Jumatatu.

(e) Hewa. Bakteria hawa huhitaji oksijeni. Stima ikipotea pampu husimama, nao huanza kufa. Tafadhali, mtu asichomoe waya ule kwa sababu anataka kuchaji simu!

Hata samaki wakishaingia, kazi haitaisha. Nitrati hujikusanya, na dawa yake ni kubadilisha maji. Ikiwa nitrati ni 40 nasi tubadilishe robo ya maji, itashuka hadi 30. Tukirudia, itafika 22 na nusu. Aidha, tutaanza na samaki mmoja au wawili tu, kwa sababu bakteria huongezeka kulingana na uchafu wanaoupata. Ukileta samaki wanane kwa mpigo, amonia itapanda upya.

Siku ya Wazazi itatukuta wiki ya tano. Ombi langu kwa walimu na wanafunzi ni kwamba kalenda isiamue, bali matone yaamue. Yakionyesha amonia na nitriti sufuri mara mbili mfululizo, samaki waingie. La sivyo, tangi libaki hivyo hivyo. Tulichanga pesa za samaki sisi wenyewe, wengine wakitoa nauli zao wakarudi nyumbani kwa miguu. Haifai pesa hizo zielee juu ya maji zikiwa mizoga.

Kama wageni watataka cha kutazama, tutawapangia zile neli mezani, za wiki ya kwanza hadi ya tano, zimejazwa maji ya rangi zilezile tulizoziandika daftarini. Mzazi yeyote atakayeuliza maana yake, mimi nitakuwa nimesimama hapo kumweleza.