Watu Kama Miti: Somo kwa Kijana Anayetengeneza Vitu



Mpendwa kijana, somo letu leo linatoka Injili ya Marko 8:22-26. Chukua Biblia yako, au ifungue kwenye simu, usome aya hizo tano polepole, halafu urudi hapa. Ni fupi sana, haimalizi hata dakika moja.

Umesoma? Basi tuendelee.

Mimi ni msanifu wa bidhaa za kidijitali. Mjini wananiita dizaina. Nyumbani Masoko, chini kidogo ya Tukuyu, shangazi yangu huwaambia watu kwamba nachora vitu vya kwenye simu, na kwa kweli hajakosea sana. Ukifungua programu yoyote, kuna mtu aliyekaa akaamua kitufe kiwe wapi, maneno yawe yapi, na ukibonyeza hapa upelekwe wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Katika fani yetu kuna imani moja kubwa: usianze na mashine, anza na mtu. Mwulize anahitaji nini, mtengenezee kitu kidogo, mpe akijaribu, mwulize tena. Tunaita usanifu unaomweka mtu katikati. Shirika la IDEO.org la Marekani lilitoa mwongozo mzima juu ya njia hii mwaka 2015, na vijana wengi wa fani yetu wameusoma. Mimi pia niliusoma, nikaukubali kwa moyo wote. Kisha nikaenda kufanya kinyume chake, tena nyumbani kwetu.

1. Mashine ilifanya kazi, mimi nilishindwa

Miaka michache iliyopita, ofisi niliyokuwa nafanyia kazi Dar es Salaam ilipata kazi ya chama kimoja cha wafugaji huku Rungwe. Kama unaijua Rungwe, unajua mvua zake. Majani yapo karibu mwaka mzima, na nyumba nyingi zenye migomba zina ng'ombe bandani. Alfajiri akina mama wanabeba ndoo za maziwa kwenda kituoni. Karani anapima, anaandika lita kwenye daftari, na mwisho wa mwezi watu wanapanga foleni kuchukua hela. Daftari lilikuwa linalowa, na hesabu zilikuwa zinagombaniwa kila mwezi. Tukaombwa programu.

Nilifurahi mno. Kazi ya kwetu! Nikajiambia sina haja ya kuuliza mengi, maana mimi si mgeni, nimekulia hapa. Nilikaa siku mbili na viongozi wa chama, wote wanaume, wakanieleza kila kitu. Tukatengeneza. Karani anaingiza lita kwenye simu, mfumo unajumlisha, mwisho wa mwezi hela inaingia moja kwa moja kwenye simu ya mwanachama. Hakuna foleni, hakuna daftari lililolowa. Ofisini walinipigia makofi.

Miezi mitatu baadaye nilikuja nyumbani kwa Pasaka. Asubuhi moja nikapita kituoni kuona kazi yangu, nikamkuta mama mmoja jirani yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti ni wewe uliyetuletea ile simu ya maziwa?"

Nikasema ndiyo, nikisubiri kusifiwa. Akatua ndoo yake chini.

"Zamani nilikuwa napanga foleni, napewa hela mkononi. Nanunua sabuni, nalipa mchango wa shule, inayobaki nampa baba. Siku hizi naisikia tu inalia kwenye simu yake. Ikilia, anavaa koti, anatoka."

Hakusema kwa hasira. Alinieleza kama anayeeleza hali ya hewa, kisha akabeba ndoo yake akaondoka.

Nilisimama pale nimeishiwa maneno. Kumbe kwenye vitabu vya chama mwanachama ni baba, kwa sababu ng'ombe ameandikwa kwa jina lake, na sisi tuliweka namba moja ya simu kwa kila mwanachama. Wale viongozi hawakunidanganya. Ila sikuwauliza ni nani anayekata majani, ni nani anayekamua, ni nani anayebeba ndoo. Na kibaya zaidi, jibu nilikuwa nalijua. Nimemwona mama yangu akibeba ndoo ile tangu nikiwa mdogo.

2. Bwana aliuliza

Sasa turudi Betsaida. Watu wanamleta kipofu kwa Yesu, wakimwomba amguse. Tazama anavyofanya. Anamshika mkono. Anamtoa nje ya kijiji, mbali na kelele, wabaki wawili. Anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamwuliza kama anaona kitu.

Kaa kidogo kwenye swali hilo. Mwana wa Mungu, ambaye vitu vyote vilifanyika kwake, anamwuliza maskini mmoja wa kijijini: vipi, unaona? Na yule mtu anajibu ukweli. Hasemi "asante Bwana, naona vizuri" ili kumridhisha. Anasema anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Yesu hakasiriki. Anaweka mikono tena, na mtu yule anaona kila kitu sawasawa.

Tusikosee hapa. Si kwamba uwezo wa Bwana ulipungua mara ya kwanza. Soma aya za juu yake: wanafunzi wako kwenye mashua, wanabishana juu ya mikate, hawajaelewa. Soma za chini: Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na muda mfupi baadaye anakemewa kwa sababu bado haelewi habari ya msalaba. Marko anatuonyesha kwamba macho ya imani hufunguka hatua kwa hatua, na Bwana ana subira na hatua hizo.

Lakini mimi, kijana wa Masoko, Pasaka ile nilisikia jambo jingine pia. Kipofu wa hadithi yangu hakuwa yule mama. Alikuwa mimi. Kule Dar niliangalia namba kwenye kioo: wanachama kadhaa, lita kadhaa, malipo kadhaa. Niliwaona wakitembea, lakini kama miti. Sikuona uso, sikuona sabuni, sikuona mchango wa shule.

Ongeza na Marko 10:51. Bartimayo ni kipofu, kila mtu pale Yeriko anaona shida yake ni nini. Hata hivyo Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Anampa heshima ya kusema mwenyewe.

3. Ona, Amua, Tenda

Ukiwa VIWAWA umeshasikia maneno haya matatu. Yanatoka kwa Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji. Akiwa mseminari alirudi likizo nyumbani, akakuta rafiki zake wa utotoni wameshaingia viwandani, na hawamwoni tena kama mwenzao. Jambo hilo lilimchoma maisha yake yote. Mwaka 1925 akaanzisha harakati ya vijana Wakristo wafanyakazi, na njia yake ilikuwa rahisi: ona maisha yalivyo kweli, yapime kwa Injili, kisha tenda. Papa Yohane wa 23 aliipendekeza njia hiyo kwa Kanisa lote katika waraka *Mater et Magistra* wa mwaka 1961. Yaani Kanisa lilishakuwa darasani kabla ya sisi madizaina kuzaliwa.

"Ona" ndiyo hatua tunayoiruka zaidi. Chukua mfano wa M-Pesa. Mwaka 2005 ilipojaribiwa Kenya, nia ilikuwa wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Wakati wa majaribio ikaonekana kwamba watu wanaitumia pia kwa mambo yao wenyewe, hasa kutumiana hela. Waliokuwa wanaitengeneza wangeweza kusema, "Hapana, si kazi yake hiyo." Badala yake waliona. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilizinduliwa kama njia ya kumtumia mtu wako hela, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Mimi nilirudi ofisini nikaomba ruhusa ya kurekebisha. Nilidhani ni suala la kitufe: ongeza namba ya pili, basi. Kumbe si rahisi hivyo. Viongozi waliuliza hela ni ya nani, ya mwenye ng'ombe au ya anayekamua? Baadhi ya akina mama hawakutaka namba zao ziandikwe kabisa, kwa sababu wanajua wenyewe nyumba zao zilivyo. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe utaondoka Jumapili, sisi tunabaki." Nikajifunza kunyamaza.

Mwisho ulifanyika mkutano kituoni, wanaume na wanawake, nami nikakaa nyuma. Walikubaliana mambo mawili. Kwanza, yeyote anayeleta maziwa anapewa karatasi ya lita zake, hapo hapo. Pili, kila nyumba ichague hela iingie wapi, na kuchagua huko kufanywe mume na mke wakiwapo wote wawili. Programu tukaibadilisha kufuata mkutano.

Niliporudi tena nikamtafuta yule jirani, nikauliza swali la Betsaida: "Mama, sasa vipi?" Akacheka. "Baba amekubali nusu. Hiyo nusu nyingine bado tunaongea."

Si ushindi wa kupigiwa makofi. Lakini safari hii nilimwona mtu.

4. Katikati amekaa nani?

Kuna jambo jingine lazima niliseme, hasa kwa wewe unayesomea kompyuta.

Kumjua mtu vizuri si lazima iwe kumpenda. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kazi yenye mshahara karibu mara mbili ya wangu, kwenye programu ya mikopo ya haraka. Nilienda kwenye usaili. Jamaa wale walikuwa wanawajua watu kuliko nilivyowajua mimi! Walijua siku gani mshahara umeisha, saa ngapi usiku mtu hushikwa na wasiwasi, kitufe kiwe rangi gani ili asisome masharti. Walipanga hata namna ya kuwapigia simu ndugu na rafiki wa anayechelewa kulipa, ili aaibike. Mtaani tunaita mikopo hii kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada ya chuo. Sitakudanganya, nililala siku tatu nikiwaza. Nikakataa, na ada tukailipa kidogo kidogo, kwa shida.

Kilichonisaidia kuamua ni mafundisho mawili. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Na Papa Fransisko, katika *Laudato si'* ya mwaka 2015, namba 107, alionya kwamba vitu vinavyotokana na teknolojia haviko katikati bila upande, kwa maana vinaunda namna watu wanavyoishi. Kwa hiyo siwezi kusema "mimi nilichora tu, wengine ndio walitumia vibaya." Aliyeamua kitufe kiwe wapi ni mimi.

Mvuvi naye anamjua samaki vizuri sana. Anajua anakula nini na saa ngapi. Lakini samaki hajakaa katikati ya mawazo ya mvuvi. Kilichokaa katikati ni sufuria.

Maswali ya kutafakari (peke yako, au kwenye jumuiya na kikundi cha vijana)

1. Katika kazi au masomo yangu, ni nani ninayemwona kama mti unaotembea? Jina lake ni nani?
2. Ni lini mara ya mwisho nilimwuliza mtu niliyemsaidia, "Vipi, imekusaidia kweli?" Je, aliweza kunijibu ukweli bila woga?
3. Parokiani kwetu, tunapopanga mradi wa vijana, nani hajawahi kuulizwa?
4. Kuna kazi yenye hela nzuri ambayo Kristo angeniomba niiache? Nani atanishika mkono nikiiacha?

Zoezi la wiki: Chagua kitu kimoja unachowafanyia wengine: ratiba ya kwaya, kundi la WhatsApp la vijana, hesabu za duka la nyumbani. Mfuate mtu mmoja anayekitumia, kaa naye, uliza, halafu nyamaza usikilize. Usijitetee. Rekebisha jambo moja. Kisha urudi uulize tena.

Tuombe

Bwana Yesu, ulimshika kipofu mkono ukamwuliza kama anaona. Nishike na mimi. Niondolee haraka ya kujibu kabla sijauliza, na kiburi cha kudhani nawajua watu wangu. Weka mikono yako machoni pangu mara ya pili, na ya tatu kama itahitajika, mpaka niwaone watu kama watu. Bariki mikono inayobeba ndoo alfajiri, na mikono inayobonyeza kompyuta usiku. Amina.